Risasi Kumi za Tumbo Moja

Hotuba hii niliitoa Jinja, mbele ya wastaafu wa jeshi, askari wa hifadhi za wanyama na vijana wa mchezo wa shabaha. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yenyewe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na pale nilipokatizwa.

Wageni wetu waheshimiwa, maafande niliowahi kuwapigia saluti na wale walionipigia mimi, mama zangu, vijana wangu wa shabaha, hamjambo?

(Hatujambo.)

Hapana. Hiyo ni hatujambo ya watu waliotoka kula posho na maharage sasa hivi. Hamjambo?

(HATUJAMBO!)

Naam. Sasa naona mko macho.

Kwa wasionijua, mimi nilikuwa fundi wa silaha. Miaka ishirini na mbili. Sikuongoza kikosi wala sikuvishwa nishani ya vita. Nilikaa ghalani, mafuta ya bunduki mpaka kwenye viwiko, nikizipokea bunduki za wenzangu zikirudi na matope na malalamiko. "Fundi, bunduki hii haipigi sawa." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Na mara nyingi, wazee wangu, bunduki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa tumboni mwake, katika kile ilichokuwa inalishwa.

Nazungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichonilea kazini. Nyumbani kwetu ni Kisoga, lakini bunduki sikufundishwa kwa Kisoga. "Lenga, shika pumzi, fyatua" yaliniingia kichwani kwa Kiswahili, kama yalivyomwingia babu yangu katika King's African Rifles, jeshi la mkoloni wa Kiingereza, na bunduki yake ya .303 iliyokuwa na baruti ya nyuzinyuzi kama tambi za futari. Mzee alikuwa akitusimulia kwamba wao, wakibomoa risasi, walikuwa wanazitoa zile tambi na kuwashia moto wa chai. Msijaribu.

Nimeombwa niseme juu ya risasi zinazojazwa kwa mkono. Katika nchi za wenzetu wapo watu wanaookota maganda waliyokwisha kuyafyatua, ya shaba na hata ya chuma, wakayajaza upya mezani kwao, na risasi hizo zikapiga shabaha vizuri kuliko za dukani. Inawezekanaje? Mtu na meza yake anashindaje kiwanda?

Kwanza neno la sheria, asije mtu akatoka hapa na wazo la kumtia mkewe aibu. Uganda, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni. Risasi zinatengenezwa Nakasongola, katika kiwanda cha Luwero Industries, kilicho chini ya NEC, shirika la biashara la jeshi letu. Jikoni kwako hapana. Chini ya mwembe hapana. Ninachotaka leo ni mkijue kitu mnachokifyatua, maana hata asiyejaza anachagua, anatunza, na anapima.

Haya. Risasi nzuri ni ipi? Wewe kijana, pale karibu na mlango.

("Yenye nguvu, mzee.")

Asante kwa ujasiri. Umekosea, lakini umekosea pamoja na watu wengi wakubwa, kaa usione haya.

Nani hapa hajawahi kula rolex, chapati yetu ya kuviringishia mayai? Hakuna. Basi mfikirieni mpishi wa chapati pale stendi ya boda boda. Anakata donge, analibingirisha, anasukuma, anatupa kwenye kikaango. Akiwa fundi kweli, chapati ya kwanza ya asubuhi na ya arobaini ukizilaza pamoja huzitambui. Hakuna anayemsifu kwa sababu chapati yake ni kubwa kuliko ya jirani. Anasifiwa kwa sababu ya leo ni ile ya jana. Ukimpa mwanafunzi wake donge, moja litakuwa nene, la pili jembamba, la tatu limeungua, na unga ni uleule, moto ni uleule.

Risasi nzuri ni ile inayofanana na mwenzake. Narudia kwa ajili ya walio nyuma: ni ile inayofanana na mwenzake. Kasi ileile, uzito uleule, mkao uleule. Kumi za tumbo moja. Kama zote kumi zimeingia kwenye eneo la kifuniko cha soda, lakini eneo hilo liko shubiri nzima kushoto kwa shabaha, mshukuru Mungu: zungusha kirungu cha darubini, kazi imekwisha. Lakini kama moja iko juu, nyingine chini, nyingine imekwenda kumsalimia jirani, utazungusha darubini mpaka lini?

Tufanye hesabu kidogo, msiogope. Risasi inatoka mdomoni mwa mtutu kwa mita 800 kwa sekunde. Mita 100 inazimaliza kwa takriban sehemu ya nane ya sekunde. Katika muda huo ardhi inaivuta chini kama sentimita 8. Sasa chukua dada yake aliyepungukiwa kasi kwa asilimia moja tu, mita 8 kwa sekunde. Yeye atashuka zaidi kwa milimita moja na nusu hivi. Nani atauona mwanya huo kwenye karatasi? Hakuna. Ndiyo maana kwa mita 100 kila mtu ni bingwa. Lakini mvuto wa ardhi hauhesabu kama muuza nyanya, mbili kwa elfu, nne kwa elfu mbili. Muda ukiwa mara mbili, mshuko unakuwa mara nne. Peleka risasi zilezile mita 600, ambako hewa nayo imekwisha kuzichosha na safari inakaribia sekunde nzima, na ile milimita moja na nusu imekuwa upana wa kiganja. Kiganja cha mkono, kwa tofauti ya asilimia moja! Na hapo hujapumua vibaya, upepo wa ziwa haujavuma, wala mtu hajakuita jina ukiwa umeshika pumzi.

Wazee wa Karamoja mnamjua Bell, yule Mskoti mwindaji wa ndovu wa miaka ya mwanzo ya 1900, ambaye jina la Karamoja lilimganda mpaka kaburini. Aliua ndovu zaidi ya elfu moja, jambo ambalo leo, mbele ya askari wa hifadhi, silisifu hata kidogo. Lakini tazameni alitumia nini. Wenzake walibeba bunduki za kumvunja mtu bega, risasi kama kidole gumba. Yeye sehemu kubwa ya kazi aliifanya kwa milimita 7, kipimo ambacho wenzake walikiona cha paa na swala. Alijua fuvu la ndovu lilivyokaa, akajua risasi yake itafika pale anapoielekeza, leo na kesho. Na alikuwa mchaguzi wa risasi kuliko bwana harusi, akiziamini zile za Kijerumani kwa kuwa hazikumgomea. Kwa kazi yake, risasi moja kugoma ilikuwa mwisho wa hadithi.

Sasa nije kwenye ganda, na hapa nitakaa, mnisamehe. Ndiko nilikozeekea.

Watu hufikiri ganda ni kopo. Limebeba baruti, limebeba kichwa cha risasi, kitakoni lina fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Likishafyatuliwa ni takataka ya kuuzwa chuma chakavu. Hapana. Kwa kipande kidogo sana cha sekunde ganda ni kizibo. Shinikizo ndani ya risasi ya kipimo cha .308 linaruhusiwa kufika bar 4,150. Gurudumu la boda boda yako lina bar 2 au zaidi kidogo. Moto wenye shinikizo hilo unatafuta njia, na njia ya nyuma inaelekea usoni pako. Ganda linatanuka, linakumbatia ukuta wa chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, linaziba. Halafu, na huu ndio uungwana wake, linanywea kidogo ili liachie na litoke. Likitanuka bila kunywea, limekwama. Lisipotanuka vizuri, moshi na masizi vinarudi nyuma.

Shaba ya manjano, ile ya sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki, ina tabia hiyo kama imezaliwa nayo. Inatanuka upesi, inanywea upesi. Chuma ni kigumu zaidi. Kinaziba kwa uvivu. Kwa hiyo ukifyatua maganda ya chuma kutwa nzima, chemba inakuwa na masizi. Vijana wananiambia, "Mzee, ni ile rangi ya ganda inayeyuka na kugandisha." Nimesafisha chemba hizo miaka mingi. Nilichokuwa nakikwangua kilikuwa masizi ya baruti, rangi sikuiona. Rangi ile, au plastiki, au zinki, imewekwa kwa sababu ndogo tu: chuma kinashika kutu, shaba haishiki.

Sasa, kwa nini mtu atumie chuma? Umaskini, ndugu zangu. Umaskini wa shaba. Wajerumani katika Vita ya Pili shaba iliwapungukia, wakageukia chuma kilichopakwa vanishi. Warusi wakakifanya chuma kuwa desturi, na risasi ya AK wakaichonga nyembamba mbele, pana nyuma, kama karoti, ili ganda liachie upesi likivutwa. Chuma kilikuwa na akili yake. Kilitengenezwa kwa ajili ya askari wa kijijini, kwenye matope, kwa bei ndogo. Kumdai awe bingwa wa mita 600 ni kumdai punda ashinde mbio za farasi, halafu ukamchapa kwa kushindwa.

Msidhani shaba nayo haikuwa na siku zake mbaya. Mwaka 1885, mwezi Januari, jeshi la Waingereza lilikuwa likipanda kwenda Khartoum kumwokoa Gordon, jenerali wao aliyezingirwa huko. Maji haya mnayoyaona yanaondoka hapa Jinja ndiyo yanayopita huko. Mahali panapoitwa Abu Klea wakakutana na watu wa Mahdi, kiongozi wa Wasudani walioasi. Bunduki zao Martini-Henry, maganda yao yalikuwa ya bati la shaba lililoviringishwa, kama mtu anavyoviringisha sambusa. Jua, mchanga, mtutu umepata moto. Askari anafungua bunduki, mkulabu unang'oa kitako cha ganda, na mwili wake unabaki umenasa ndani ya chemba. Adui yuko hatua kumi. Unafanya nini? Baada ya aibu ile Waingereza nao wakahamia maganda yanayovutwa kutoka kwenye kipande kimoja cha shaba, bila mshono. Somo la ganda walilipata pale jangwani, si mbali na mto wetu.

Na shaba ina adui mwingine, ambaye mimi nilimfuga mwenyewe. Nikiwa kijana nilipelekwa kwenye kituo kimoja, nisikitaje. Ghala lilipakana ukuta kwa ukuta na zizi la mbuzi. Nilikuwa na masanduku machache yaliyofunguliwa, muhuri umekatwa. Misimu miwili ya mvua ikapita. Siku ya kukagua natoa risasi moja, naona shingoni mwake ufa mwembamba kama unywele. Natoa ya pili, ufa. Nikakasirika! Nikaandika barua yenye maneno makali nikiwalaumu waliozitengeneza, na kumbe nashukuru haikufika mbali. Baadaye nilisoma kwamba Waingereza kule India waliona jambo hilohilo: risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi zilipasuka kila masika. Miaka na miaka hawakujua kwa nini, mpaka mwaka 1921 wataalamu walipotoa maelezo. Ni amonia ya mkojo wa wanyama, pamoja na unyevu, inaila shaba ile ambayo bado ina mvutano ndani yake tangu ilipokandwa kiwandani. Mbuzi wangu walikuwa wakikojoa tu, hawana hatia. Mwenye hatia ni aliyeweka risasi hapo, na yuko mbele yenu ameshika maikrofoni. Wewe unayeweka risasi zako halali karibu na banda la kuku au magunia ya mbolea, umesikia?

("Tumesikia!")

Sijui. Tutaona.

Basi nilistaafu, na mwaka mmoja nikaalikwa Afrika Kusini, jimbo la Free State, kwa mkulima wa mahindi ambaye tulijuana kwa njia ya kazi. Kule sheria inaruhusu mwenye kibali kujaza risasi zake. Jioni moja alinikaribisha kwenye chumba chake cha kazi. Nilitegemea kuona mitambo. Nikaona meza, presi moja ya mkono imefungwa kwa bolti, mizani, na mwanamume mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kwenye paji la uso.

Alianza kwa kuyachambua maganda kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo. Kiwanda hiki huku, kiwanda kile kule, kwa sababu ganda lenye ukuta mnene lina nafasi ndogo ndani, na baruti ileile katika nafasi ndogo inasukuma kwa nguvu zaidi. Lenye ufa, nje. Lenye mstari unaong'aa karibu na kitako, nje bila huruma, maana hapo litakatika vipande viwili kama yale ya Abu Klea. Akayasafisha. Akayapitisha kwenye kalibu ya chuma kuyarudisha umbo. Yaliyorefuka akayapunguza. Shingo za shaba zilizokuwa zimekomaa kwa kubanwa mara nyingi akazilainisha kwa moto, shingo peke yake, kitako hakiguswi na moto kamwe. Kwa nini shingo? Kwa sababu shingo ndiyo mkono unaokishika kichwa cha risasi. Huyu ameshikwa kwa nguvu, huyu ameshikwa kwa ulegevu, wataondoka kwa kasi mbili tofauti, hata kama baruti yao ni moja.

Kisha baruti. Mizani yake ilisoma sehemu ya kumi ya grein, yaani miligramu sita na nusu hivi. Punje moja ya mchele inazidi hapo mara tatu au zaidi. Nikamwangalia akiongeza baruti kwa kijiko kidogo, akitoa punje, akirudisha punje. Nikawakumbuka wakulima wa kahawa wa Masaka na mizani ya mlanguzi. Laiti wangepimiwa na huyu!

Kiwango chenyewe alikitoa wapi? Kitabuni, kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti, na alianza chini. Hakukitoa kichwani. Hakukisikia kwa rafiki. Hilo naomba mlikumbuke kuliko yote niliyoyasema juu ya meza ile, hata kama siku moja utakuwa nchi yenye ruhusa. Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho kama chumvi na sukari, na moja ikapasua bunduki mikononi mwako. Nimewahi kupokea ghalani bunduki iliyopasuka chemba. Mwenyewe hakuja nayo.

Nikamuuliza habari ya chuma, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaniambia, chuma kinajazika, lakini si kila chuma. Inategemea kitako. Kuna mifumo miwili ya fataki, yote ya miaka ya 1860: wa Boxer, afisa wa Kiingereza, na wa Berdan, Mmarekani. Na dunia kwa ukaidi wake, Wamarekani wakashika wa Mwingereza, na Ulaya ikashika wa Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati. Sindano inapita, inasukuma fataki iliyotumika, imetoka. La Berdan lina matundu mawili madogo pembeni na kichuguu katikati. Sindano haina pa kupita. Maganda mengi ya chuma ya kijeshi ni ya Berdan, na hapo ndipo hamu ya watu wengi inapoishia.

Yeye alikuwa na maganda ya chuma ya Boxer, machache. Kesho yake tukatoka naye shambani. Bunduki moja, mpigaji mmoja, yeye mwenyewe, kwenye mifuko ya mchanga. Kwanza risasi za chuma za dukani, za bei rahisi, kumi. Zilitawanyika kama sentimita 9 kwa mita 100. Halafu maganda yaleyale ya chuma, aliyoyajaza mwenyewe na vichwa vizuri vya risasi, kumi. Sentimita 4 na nusu. Halafu ya shaba, yenye vichwa vilevile na baruti ileile, kumi. Sentimita 4.

Mnaona? Kati ya chuma cha dukani na chuma cha mkononi mwake, nusu nzima. Kati ya chuma chake na shaba yake, nusu sentimita. Siku moja kwenye shamba moja haimfanyi mtu mwanasayansi, lakini mimi niliyekuwa nimewalaumu chuma miaka ishirini na mbili nilinyamaza. Dhambi nyingi tunazomtwisha ganda ni za mtu aliyelijaza haraka, kwa kichwa cha risasi cha bei rahisi. Hata timu za shabaha za jeshi la Marekani zilikuwa na mtindo huo: kung'oa kichwa cha kawaida kwenye risasi ya kawaida na kuweka cha mashindano chenye uzito unaolingana. Ganda lilelile, baruti ileile, matundu yanakaribiana.

Hata suala la kuchakaa kwa mtutu ni hivyo. Mwaka 2013 wafanyabiashara wa risasi Marekani waliamua kumaliza ubishi, wakaandaa risasi 40,000 kwa bunduki nne. Mitutu iliyolishwa risasi za maganda ya chuma ilichakaa mapema sana. Watu wakashangilia: ganda la chuma limekamatwa! Lakini ganda halipiti mtutuni. Linabaki nyuma. Kinachopita ni kichwa cha risasi, na vichwa vya risasi zile vilikuwa na koti la chuma lililopakwa shaba juu juu. Hilo ndilo lililokuwa likikwangua.

Lakini nisimtetee chuma kupita kiasi. Yale maganda ya mwenyeji wangu, safari ya tatu yalianza kuchanika shingo. Ya shaba yalikuwa bado yanadai kazi. Ukiniuliza mimi, chuma kijaze ukiwa huna shaba, au ukiwa na udadisi. Na wale wanaopima kila ganda kwa mizani ya sonara ili kupunguza nusu milimita, wakati wenyewe wanafyatua kwa kushtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, nawatakia heri. Mtutu kwanza, kichwa cha risasi pili, kidole chako tatu. Mizani ya sonara ije baada ya hapo.

Kuna kijana aliniuliza mlangoni kabla hatujaanza: "Mzee, kazi ya mkono itashindaje ya mashine?" Kijana, wewe ni wa Uganda unauliza hivyo? Humjui fundi Kisule? Mackay mmisionari alifika Buganda mwaka 1878 na vyuma vyake, akafungua karakana Natete. Kisule alijifunza kwake. Lugard, afisa wa wakoloni wa Kiingereza, alipofika Kampala mwisho wa 1890 alikuta mtu anayekutengenezea springi mpya ya bunduki, akamsifu kwa maandishi, na Lugard hakuwa mwepesi wa kutusifu. Usione vyaelea, vimeundwa. Mashine ya kiwanda inajaza maelfu kwa ajili ya bunduki zote za dunia. Mtu wa mezani anajaza hamsini kwa ajili ya bunduki moja anayoijua kama anavyomjua mkewe. Hapo ndipo anaposhinda.

Hadithi ya mwisho, na inanihusu vibaya. Kule Free State nami nilipewa zamu. Nikapiga tatu. Matundu matatu yakagusana! Nikasimama, nikajipangusa vumbi polepole ili watu waone. Nikaomba karatasi ile niipeleke Uganda. Mwenyeji wangu akasema, "Mzee, malizia kumi." Nikasema, za nini, si umeona? Akasema, "Malizia kumi."

Nikamalizia. Ya nne ikaingia vizuri. Ya tano ikatoka. Ya saba ikaenda upande wa pili. Ilipofika ya kumi kundi langu lilikuwa mara tatu ya lile la kwanza, na mimi nilikuwa sipangusi tena vumbi. Nikatafuta sababu: upepo, jua, kahawa. Akatikisa kichwa. Tatu za kwanza hazikuwa na tofauti yoyote na saba zilizofuata. Ilikuwa bahati tu, zimeangukia pamoja, kama ukirusha sarafu mara tatu ikatoa kichwa mara tatu. Je, utasema sarafu haina mkia?

Wangapi hapa mna karatasi ya matundu matatu ukutani nyumbani? Msiinue mikono, nawaona nyusoni. Na ile ya matundu kumi mliipeleka wapi? Mliwashia jiko. Mtu anabadilisha aina ya risasi, anapiga tatu, "hii nzuri." Anabadilisha, anapiga tatu, "hii mbaya." Anatumia mshahara mzima akiifukuza bahati. Piga kumi. Ziandike zote, na ile iliyotoka nje uiandike kwanza. Usiseme "hiyo mimi nilitikisika." Kama ulitikisika, andika ulitikisika, na tundu lihesabu.

Ndiyo, mama, nimekuona. Sauti kidogo.

("Sisi wa hifadhi tunapewa risasi, hatuchagui wala hatujazi. Haya yote yatusaidie nini?")

Swali zuri, na nilitamani liulizwe. Mama, tazameni namba za boksi. Risasi za boksi lenye namba moja zilizaliwa siku moja, kwa baruti moja. Msizichanganye na za boksi jingine kwenye magazini moja kisha mkalaumu bunduki. Mkipokea boksi jipya, afande akiruhusu, pigeni kumi mwone zinaangukia wapi kabla ya kwenda porini. Ziwekeni pakavu, mbali na jua la dirishani na mbali na mbuzi wangu. Yenye ufa, yenye kutu, yenye kichwa kilichozama ndani, irudisheni ghalani na msaini. Hayo hayahitaji presi wala kibali cha mtu wa Free State.

Pale mezani nimeweka maganda manane matupu, hayana fataki, polisi wameyaona na wameridhika. Manne ya shaba, manne ya chuma. Mawili nimeyapasua kwa urefu: chunguzeni vitako, mtaona tundu moja la Boxer na mawili ya Berdan. Moja lina ufa shingoni. Hilo ni la zizini, nimelitunza miaka yote hii. Njooni mstari mmoja, watoto kwanza, na kila aliyeshika alirudishe, maana nimeyahesabu.